Ua Moja, Kumbe Maua Mengi



Katika somo letu la leo twapenda kuzungumza juu ya kupiga picha maua madogo sana, yale ambayo mtu huyakanyaga akienda kisimani wala asijue kuwa ameyakanyaga. Tumechagua kishonanguo, kwanza kwa sababu kinaota pande zote za kanisa letu, na pili kwa sababu tuna deni nacho.

Zamani, tulipokuwa tukifundisha uchoraji katika chuo cha ualimu, tuliwaagiza wanachuo wachore ua la kishonanguo. Mmoja wao alichora kitu mfano wa kikapu kilichojaa vijiua, kila kijiua na ncha zake tano. Tulimtia alama ya kosa kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Chora unachokiona." Naye alikuwa amechora alichokiona. Yeye alitumia kioo cha kukuzia, sisi tulitumia mazoea.

Baada ya kustaafu, mjukuu wetu alituachia simu yenye kamera. Asubuhi moja tuliweka kioo cha kukuzia mbele ya lenzi yake, tukakikaribia kishonanguo, tukapiga. Tulipoikuza picha tulinyamaza. Ile duara ya manjano, ambayo upana wake haufiki sentimita moja, si ua moja. Ni maua mengi yaliyosimama pamoja, na kila moja ni mrija mdogo wenye ncha tano mdomoni. Hata vile vinavyoonekana kama petali nyeupe pembeni (vishonanguo vingine havina) kila kimoja ni ua la peke yake. Alizeti nayo ni ya jamii hiyo hiyo, ila ukubwa wake humsaidia mtu kuona. Chini ya kila mrija wa kishonanguo huota mbegu moja nyeusi yenye miiba miwili au mitatu, na miiba hiyo ina vimeno vinavyoelekea nyuma. Ndiyo maana kanga ikishanaswa hainasuliwi kwa kuvutwa. Wataalamu walikiita Bidens, yaani meno mawili kwa Kilatini.

Sasa, kwa nini kamera ya kawaida haioni haya? Tuchukue kamera ya filamu yenye lenzi ya milimita 50. Nyingi za namna hiyo haziwezi kukaribia zaidi ya sentimita 45 hivi, na hapo ua la milimita 7 huwa doa la milimita 1 tu katika filamu. Dawa yake ni kuisogeza lenzi mbali na filamu kwa pete za kurefusha. Lenzi hiyo ya milimita 50 ukiirefusha kwa milimita 50, picha katika filamu hulingana na ua lenyewe. Lakini hakuna cha bure: mwanga unaofika kwenye filamu hubaki robo. Tena, ukiliweka tundu la lenzi kwenye f/8, sehemu inayoonekana dhahiri ina kina cha kama milimita 1. Ukienda f/16, tundu huwa dogo zaidi na kina huongezeka maradufu, lakini mwanga hupungua tena, kamera hukawia kufunga, na ua likitikisika kidogo umepata ukungu mtupu.

Kwa hiyo adui mkubwa ni upepo. Amka mapema, kabla haujaanza kuvuma. Chomeka kijiti ardhini, kisha ulishikize shina hapo kwa kibanio cha nguo, wala usilichume ua, maana hunyauka upesi. Upande wenye kivuli weka karatasi nyeupe ili irudishe mwanga. Ukishakaribia hivyo, usihangaike kuizungusha lenzi. Sogeza kamera yenyewe, mbele au nyuma kidogo sana, mpaka ncha zile tano zionekane wazi. Magoti yataumia, na hilo twalisema kwa uzoefu. Piga picha 20 ili upate moja.

Tusidhani kuwa kazi hii ni ya wapiga picha tu. Karl Blossfeldt (1865–1932) alikuwa mwalimu wa sanaa mjini Berlin, Ujerumani. Alitumia kamera aliyoitengeneza mwenyewe kupiga picha za machipukizi, mbegu na maua, akazikuza hata mara 30, ili wanafunzi wake waone maumbo ambayo macho matupu huyapita. Mimea mingi aliyoichagua ilikuwa ya porini tu. Kitabu kilichomtangaza kilitoka mwaka 1928, naye ameshapita miaka 60. Hilo lilitufurahisha sana.

Picha yetu tuliichapisha kwa ukubwa wa daftari, tukamtafuta mwanachuo yule, ambaye siku hizi ni mwalimu mkuu, tukampelekea pamoja na barua ya kumwomba radhi. Alama yake tumeisahihisha, ingawa imechelewa. Alijibu kwa mistari miwili: ya kwanza ya kushukuru, ya pili ya kuuliza, "Je, Mwalimu, umehesabu ni maua mangapi yamo humo?"

Katika picha yanafichana, hayahesabiki. Tumekifunga uzi mwekundu kishonanguo kimoja karibu na mlango wa sakristia, nasi twangojea kikauke ili tuzihesabu mbegu zake. Mtunza bustani tafadhali asikifyeke.