Kupiga Picha za Nyota kwa Simu au Kamera ya Kawaida: Mwongozo kwa Wakazi wa Bukoba na Muleba

Kijitabu hiki ni cha nani

Ni cha mwanafunzi mwenye simu janja, mwalimu wa sayansi, fundi picha wa harusi, na yeyote mwenye kamera moja na lenzi iliyokuja nayo kutoka dukani. Jambo la kushika ni moja: huku kwetu, picha nzuri ya nyota hutokana kwanza na usiku uliouchagua, kisha mahali uliposimama, na kamera hufuata nyuma. Ndiyo maana tunaanza na kalenda.

1. Chagua usiku

*Mvua.* Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na Machi hadi Mei ndiyo miezi mizito. Miezi mizuri kwa nyota ni Juni, Julai na Agosti, ingawa moshi wa nyasi zinazochomwa unaweza kufifisha anga la chini.

*Ziwa.* Usiku, upepo wa nchi kavu hushuka kutoka kingo zote za Ziwa Viktoria na kukutana katikati, juu ya maji yenye joto. Hewa hupanda, mawingu ya radi hujengeka, na pepo za mashariki huyasukuma upande wetu. Ndiyo sababu mvua ya Bukoba hupenda kushuka alfajiri na asubuhi. Basi fanya kazi mapema. Jua huzama karibu saa moja jioni, na giza hukamilika yapata saa mbili na robo. Kuanzia hapo hadi saa sita usiku ndio muda wako.

*Mwezi.* Mbalamwezi hufuta nyota hafifu. Hesabu kwa mwezi mwandamo: kuanzia tarehe 20, mwezi huchomoza karibu saa tano usiku au baadaye, hivyo saa za mwanzo zinabaki na giza. Hali hiyo huendelea hadi tarehe 3 ya mwezi unaofuata. Usipokuwa na kalenda, waulize wavuvi wa dagaa. Wao huwasha taa zao usiku wa giza, na wengi hupumzika mwezi unapokuwa mpevu, kwa kuwa mbalamwezi huwatawanya dagaa. Giza wanalolitafuta ndilo unalolihitaji.

2. Chagua mahali

Nyumba nyingi za Kagera zimezungukwa na kibanja, yaani shamba la migomba, na migomba hiyo hufunika anga. Toka uende kwenye rweya, ile nyika ya nyasi kati ya vijiji, ambako upeo uko wazi pande zote na taa ni chache. Uwanda wa Kamachumu wilayani Muleba unafaa. Kwa Bukoba mjini, panda juu ya mwamba ulio nyuma ya mji, ugeuzie taa mgongo.

Ufukweni kuna faida na hasara. Usiku wa giza, taa za dagaa hung'arisha upeo wa ziwa, kwa hiyo nyota za chini upande wa mashariki hupotea. Ukitaka Njia Nyeupe, elekeza kamera kusini na juu. Ukitaka picha inayosema kwamba hapa ni kwetu, ziache taa hizo zijipange chini ya picha, na kisiwa cha Musira kikae mbele yake.

3. Andaa vifaa

- Simu yenye hali ya usiku au ya Pro, au kamera yoyote inayokubali kupangwa kwa mkono.
- Stendi ya miguu mitatu. Kama huna, jaza mfuko wa kitambaa maharage, uweke juu ya jiwe na uilaze kamera humo.
- Kitambaa safi cha pamba. Karibu na ziwa umande hutanda kwenye lenzi, kwa hiyo ikague kila baada ya dakika chache.
- Betri iliyojaa, na tochi iliyofunikwa kwa karatasi nyekundu ili macho yako yasipoteze uzoefu wa giza.

4. Hatua za kupiga

1. Zima flashi.
2. Weka lenzi kwenye upana wake wote (milimita 18 kwa lenzi nyingi za dukani) na ufungue kitundu chake hadi mwisho, kwa kawaida f/3.5.
3. Weka ISO 1600 au 3200.
4. Weka fokasi ya mkono. Elekeza kamera kwenye nyota angavu au taa ya mbali, ikuze kwenye kioo, kisha zungusha lenzi taratibu hadi mwanga uwe nukta ndogo kabisa.
5. Acha shata wazi kwa sekunde 10. Kwa simu yenye hali ya Pro, sekunde 10 hadi 12.
6. Tumia taima ya sekunde 2 ili mkono wako usitikise kamera.
7. Piga picha nyingi mfululizo bila kubadili chochote.

Vitabu vingi vitakuambia sekunde 17 au zaidi kwa lenzi hiyo. Hapa tunapunguza kwa sababu tuko karibu mno na ikweta: nyota zinazopita utosini kwetu ndizo zinazokwenda kasi zaidi angani, na hugeuka vistari haraka.

Ule mfululizo wa picha una kazi. Programu za bure za kompyuta kama Siril na DeepSkyStacker huziunganisha kuwa picha moja. Picha 16 zikiunganishwa, chembechembe zinazochafua picha hupungua hadi robo. Hivyo ndivyo kamera ya bei nafuu inavyoikaribia ya bei kubwa.

5. Nini cha kupiga, na lini

*Julai na Agosti: Njia Nyeupe.* Kiini chake, kati ya makundi ya Nge na Mshale, hufika juu kabisa upande wa kusini karibu saa tano na robo usiku katikati ya Julai, na saa tatu na robo katikati ya Agosti.

*Februari: kundi la Jabari.* Mvua ikitoa nafasi, tazama juu karibu saa tatu usiku. Nyota ya kati ya Mkanda wa Jabari hupita karibu kabisa juu ya utosi wa Bukoba, na ile ya mashariki karibu na utosi wa Muleba. Laza simu kifudifudi juu ya meza, kamera ya nyuma ikitazama juu, nayo itauona mkanda huo.

*Michirizi ya nyota.* Piga picha 120 za sekunde 30 mfululizo, yaani saa moja, kisha ziunganishe kwa StarStaX. Ukitazama ziwani, nyota za katikati huchomoza wima majini. Za kushoto hupinda kuelekea kaskazini, na za kulia kuelekea kusini. Nyota ya Kaskazini, ambayo wapiga picha wa Ulaya huitumia kama kitovu cha duara, kwetu imelala upeoni na haionekani.

*Kupatwa kwa mwezi.* Desemba 31, 2028 mwezi utachomoza ziwani ukiwa tayari umeanza kupatwa, na utapatwa kikamilifu kuanzia kama saa moja na robo hadi karibu saa mbili na nusu usiku. Jaribu ISO 1600 na sekunde 1. Kwa mwezi mpevu wa kawaida, ISO 100, f/8 na 1/125 ya sekunde zinatosha.

6. Usalama

- Usiende peke yako. Mwarifu mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, maana tochi rweyani usiku huzua hofu.
- Kaa mbali na ukingo wa maji na matete: ziwa lina viboko na mamba.
- Vaa viatu vilivyofunika mguu na nguo za mikono mirefu. Mbu wa malaria huuma usiku.
- Ukiona radi ziwani, funga kazi. Kileleni na rweyani hakuna pa kujikinga.
- Usielekeze kamera kwenye maeneo ya ulinzi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, omba kibali kwanza.

7. Tunza giza

Andika tarehe, saa, mahali na mipangilio ya kila picha. Shule ikipiga sehemu ileile ya anga kila Julai, wanafunzi wataona wenyewe jinsi taa za mji zinavyoongezeka. Taa ya nje ifunikwe juu na imulike chini: njia itaonekana vizuri zaidi, umeme utapungua, na nyota zitabaki kwa wote. Anza na taa ya nyumbani kwako.