Kanisa ni Nani, na Lipo kwa Kazi Gani?

Mara nyingi tumesikia Wakristo wakisema, "Kanisa lina wenyewe." Ukiwauliza hao wenyewe ni nani, hujibu kwamba ni Askofu, mapadre, watawa, na labda katekista. Paa la nyumba ya sala likivuja, husema Kanisa halitengenezi. Mtoto akikua pasipo kujua sala ya Baba Yetu, husema Kanisa halikumfundisha. Wasemao hivyo si watu wabaya. Wengi wao hawakosi Misa ya Dominika. Lakini maneno yao yaonyesha kosa ambalo yatupasa kulisahihisha mapema. Likizidi kukua, imani itakufa majumbani mwetu huku makanisa yakiwa bado yamejaa watu.

Tuanze na jina lenyewe. Neno "kanisa" tumelipokea kutoka Kiarabu, nalo asili yake ya mbali ni Kiaramu, lugha aliyoisema Bwana wetu. Maana yake ya kwanza ni mkusanyiko. Kadhalika neno la Kigiriki walilolitumia Mitume, yaani eklesia, lina maana ya mkutano wa watu walioitwa. Wakristo wa karne za kwanza walisali katika nyumba za watu, pasipo mnara wala kengele. Hata hivyo Kanisa lilikuwapo, zima na kamili. Basi jengo ndilo lililopewa jina la watu wakutanikao ndani yake, wala si watu waliopewa jina la jengo.

Mafundisho haya yaliwekwa wazi na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokaa toka mwaka 1962 hata 1965. Tarehe 21 Novemba 1964 ilitolewa Hati juu ya Kanisa, iitwayo kwa Kilatini Lumen Gentium, yaani Mwanga wa Mataifa. Msomaji aangalie mpango wa sura zake. Sura ya kwanza yaeleza fumbo la Kanisa. Sura ya pili yanena juu ya Taifa la Mungu, yaani wabatizwa wote pamoja. Ndipo katika sura ya tatu yaja mafundisho juu ya Maaskofu, mapadre na mashemasi. Mpango huo haukutokea kwa bahati. Mababa wa Mtaguso waliujadili, wakauchagua. Sisi tulio mapadre tulibatizwa kabla ya kupewa Daraja, na Daraja hiyo tulipewa ili tuwatumikie wabatizwa wenzetu. Pasipo padre hakuna Ekaristi, na pasipo Ekaristi Kanisa hukosa chakula chake. Lakini mpishi na chakula chake wapo kwa ajili ya jamaa nzima.

Na jamaa hiyo yaishi kwa kazi gani? Mtaguso wajibu kwamba Kanisa ni kama sakramenti, yaani ishara na chombo cha kuwaunganisha watu na Mungu, na kuwaunganisha watu wao kwa wao. Ishara isiyoonekana haina faida, na chombo kisichotumika huota kutu. Kwa hiyo Kanisa halikuundwa lijitunze lenyewe. Limekusanywa ili litumwe.

Mambo haya yalitendeka katika nchi jirani miaka mingi kabla ya Mtaguso kuyaandika. Mapadre Weupe walifika Buganda mwezi Februari 1879. Wakafundisha, wakabatiza watu wachache. Mwezi Novemba 1882, kwa ajili ya hatari zilizowazunguka, waliondoka wote, wakavuka Ziwa, wakaweka makao Bukumbi, upande wa Mwanza. Nyuma yao hapakubaki padre hata mmoja. Waliobatizwa zamani kuliko wote walikuwa na Ubatizo wa miaka miwili na miezi michache tu. Mwenye busara ya dunia angesema kwamba kazi imekwisha.

Lakini haikwisha. Katika jumba la Kabaka, Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwakusanya vijana watumishi na kuwafundisha. Andrea Kaggwa, mkuu wa wapiga ngoma wa Kabaka, aliifanya nyumba yake kuwa mahali pa mafundisho. Huko Mityana, Matiya Mulumba Kalemba alikuwa nguzo ya waamini, na katika jumuiya hiyo alipatikana Nowa Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu. Mapadre waliporudi mwezi Julai 1885, waliwakuta wenye kuamini wameongezeka sana kuliko walivyowaacha. Kwa muda wa miaka karibu mitatu walei walikuwa wamelichukua Kanisa mabegani mwao.

Tena tuangalie kwamba watu hao hawakusema, "Sasa mapadre hatuwahitaji." Waliwapokea kwa furaha, wakazikimbilia Sakramenti. Nowa Mawaggali alibatizwa tarehe 1 Novemba 1885. Wiki mbili baadaye Yosefu Mukasa aliuawa, na Karoli Lwanga akashika nafasi yake. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Mei 1886, kifo kilipokuwa mlangoni, Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake Kizito na wenzake watatu, naye alikuwa mlei. Tarehe 3 Juni walichomwa moto Namugongo. Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza Mashahidi hao 22 kuwa Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, na mwezi uliofuata ndipo ilipotolewa ile Hati juu ya Kanisa. Yaliyoandikwa Roma yalikuwa yamekwisha kuandikwa kwa damu Namugongo.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Tuseme kwamba padre wa parokia yetu ameondolewa leo, wala hatarudi kwa miaka mitatu. Je, atakaporudi atakuta nini? Katika nyumba yako, ni nani atakayewaongoza watoto katika sala ya jioni? Ni nani atakayemfundisha mdogo kufanya ishara ya Msalaba? Jirani mgonjwa atatembelewa na nani? Wawili waliogombana watapatanishwa na nani? Ikiwa jibu ni "hakuna", basi hata leo, padre angali yupo, mambo hayo hayatendeki.

Hati ile ya Mtaguso yaiita familia ya Kikristo Kanisa la nyumbani, na yasema kwamba wazazi ni wahubiri wa kwanza wa imani kwa watoto wao. Katekista ni msaidizi wao, wala hawezi kuwa badala yao. Mwaka 1976 Maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki walikutana Nairobi kushauriana jinsi ya kujenga Jumuiya Ndogo Ndogo, ili Kanisa liishi pale jirani anapomjua jirani yake kwa jina. Jumuiya hizo zikikutana kwa ajili ya michango tu, zitakuwa zimepoteza maana yake.

Basi, ndugu wasomaji, ni kweli kwamba Kanisa lina wenyewe. Mwenyewe wa kwanza ni Kristo, aliyelinunua kwa Damu yake. Naye amelikabidhi kwa wote waliobatizwa, baba na mama na mtoto, kila mmoja kwa sehemu yake. Jioni ya leo, kabla taa haijazimwa, baba au mama na awaite watoto kwa sala. Hapo Kanisa litakuwa limekutanika.