Damu Inapofurika Mahali Pamoja

Ndoo ya lita 20 yenye mpini wa waya, ikibebwa kutoka bombani hadi nyumbani, huzuia damu kupita kwenye vidole. Ikitua chini, vidole vilivyopauka hupata joto, kiganja kinakuwa chekundu, halafu baada ya muda mfupi mkono unarudi katika hali yake. Hakuna kilichoharibika. Nyama iliyobanwa iliendelea kutumia oksijeni na kuzalisha taka wakati damu haiingii. Taka hizo ndizo zinazozifanya ateri ndogondogo zilegee. Kizuizi kikiondoka, damu humiminika kuliko kawaida mpaka deni lilipwe.

Mwili hufanya hivyo mchana kutwa hata bila kubanwa. Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika, na misuli hupata kama moja ya tano tu. Akipanda kilima huku akisukuma baiskeli yenye gunia la mkaa, moyo unaweza kufikisha lita 15 au 20, na misuli ndiyo inayochukua fungu kubwa kuliko viungo vyote. Baada ya mlo zamu ni ya utumbo. Jipu nalo huita damu. Joto na wekundu wake hutoka huko.

William Harvey, daktari wa Uingereza, alieleza mwaka 1628 majaribio ya kufunga mkono kwa kitambaa. Kikikazwa sana, kiganja kilipoa. Kikilegezwa kidogo, mkono ulijaa damu na kuvimba. Kwa njia hiyo alitetea hoja kwamba damu huzunguka mwilini. Karibu miaka 300 baadaye, jijini London, Thomas Lewis alichunguza kinachotokea damu ikizuiwa mkononi kisha ikaachiliwa, akaona kwamba kadiri kizuizi kilivyodumu ndivyo mfuriko ulivyochukua muda kuisha.

Siku hizi watafiti hutumia mkanda wa presha, kama ule wa zahanati. Hufungwa mkononi kwa dakika 5, na ukifunguliwa altrasaundi hupima ateri imepanuka kiasi gani. Ateri yenye afya hupanuka kwa sababu damu ikipita kwa kasi, utando wake wa ndani hutoa gesi ya nitriki oksaidi, ambayo uchunguzi wake uliwapa Wamarekani watatu Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Ateri ya mvuta sigara hupanuka kidogo, hata akiwa kijana asiyelalamika chochote. (Kipimo hiki ni cha wataalamu, mtu asijifunge kamba nyumbani kujijaribu.)

Kipimo cha nyumbani ni kidole gumba.

Familia yenye mgonjwa asiyeweza kujigeuza, labda kwa kiharusi au nyonga iliyovunjika, inapaswa kumkagua kila siku kwenye visigino, nyonga, mabega na mfupa wa chini ya mgongo. Uzito wa mwili hubana ngozi dhidi ya mfupa. Pakionekana wekundu, pabonyezwe kidogo kwa kidole hicho na kuachiwa. Pakipauka na rangi ikarudi, damu bado inapita; mgonjwa ageuzwe na pasilaliwe tena mpaka patulie. Pasipopauka, kidonda kimeanza ingawa ngozi haijachubuka.

Ngozi nyeusi huficha wekundu, na maelezo mengi ya kitabibu yameandikwa kana kwamba kila mgonjwa ni mweupe. Kwa hiyo mkono ufanye kazi ya jicho: mlezi aguse, alinganishe na ngozi ya jirani. Sehemu iliyopata joto au kupoa kuliko kwingine, iliyokuwa ngumu au kulegea, inayouma, au iliyogeuka nyeusi zaidi au ya zambarau, ihesabiwe kuwa imeumia.

Wengi huanza kuchua sehemu hiyo kwa mafuta ili damu itembee. Nia ni njema, lakini kuchua huzidi kuumiza nyama iliyokwisha kudhoofika. Kata ya kitambaa chini ya makalio nayo haifai, kwani hubana ngozi kuizunguka pande zote. Kinachosaidia ni kumgeuza mgonjwa takriban kila saa mbili, kuweka mto chini ya miguu ili visigino vining'inie, kukausha mkojo na jasho mapema, na kumlisha vizuri.

Upo pia mjao wa damu usiotokana na ateri kufunguka, bali na njia ya kutokea kuziba. Mguu mmoja ukivimba, ukapata joto na kuuma, hasa baada ya kujifungua, upasuaji au kulala kitandani muda mrefu, huenda damu imeganda kwenye vena, yaani njia hiyo ya kutokea. Mguu huo usichuliwe. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Na akianza kubanwa na pumzi au kuumwa kifua, apelekwe saa hiyohiyo.