NDOTO ZETU NA JIRANI ZETU

Somo: Mwanzo 40, Yeremia 23:25-32, Mathayo 7:1-5



Mtu ameota usiku kwamba jirani yake anamfukuza kwa panga. Asubuhi wakikutana bombani hamsalimu. Jioni mtoto akipata homa, neno limekwisha kusemwa: "Ni yule." Hapa Ihumwa, kama penginepo, mambo ya namna hii tunayajua, ingawa hatupendi kuyataja kanisani. Tunajua pia kwamba katika nchi yetu wazee, hasa akina mama, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Kwa hiyo si jambo dogo kujiuliza: ndoto inamsema nani?

Biblia haidharau ndoto. Kule gerezani Yusufu alifasiri ndoto za watumishi wawili wa Farao, lakini kwanza alisema kwamba kufasiri ni kazi ya Mungu. Tena ndoto ya mnyweshaji ilimhusu mnyweshaji mwenyewe, na ya mwokaji ilimhusu mwokaji. Mke wa Pilato aliota habari za Bwana wetu (Mathayo 27:19); ndoto ile ilimfanya amtetee mwenye haki, wala si kumshtaki. Lakini Yeremia aliwakemea manabii waliozitangaza ndoto zao kana kwamba ni neno la Mungu. Basi ndoto hupimwa.

Wataalamu wa elimu ya nafsi nao wamezichunguza ndoto. Mmoja wao ni Carl Gustav Jung (1875-1961), daktari wa Uswisi, mtoto wa mchungaji. Yeye alifundisha kwamba moyoni mwa mtu mna sehemu ambayo mwenyewe haijui, na ndoto hutoka humo. Mambo tunayoyakataa ndani yetu, kama wivu, hasira na tamaa, aliyaita kivuli. Kwa kuwa hatutaki kukiona kivuli hicho kwetu, tunamtupia mwenzetu, kisha tunamwogopa au kumchukia. Bwana Yesu alikuwa amekwisha kutuonya aliposema habari za kibanzi na boriti.

Jung alifika kwetu Afrika ya Mashariki. Novemba 1925 alishuka Mombasa, akapita Nairobi hadi Mlima Elgon. Huko aliwauliza wazee habari za ndoto, akizungumza nao kwa Kiswahili cha kubahatisha. Mganga mmoja mzee alimjibu, machozi yakimlengalenga, kwamba zamani waganga waliota wakajua habari za vita, magonjwa na mvua. Lakini tangu Wazungu waje hakuna aotaye tena, maana Waingereza wanajua yote. Tusilicheke jibu hilo. Ni kilio cha mtu aliyenyang'anywa heshima yake hata usingizini.

Lakini Jung mwenyewe aliandika juu ya Waafrika kana kwamba akili zao zimebaki nyuma, katika hali ya utoto. Mwaka 2018 kundi la wafuasi wa elimu yake lilitoa barua ya wazi, wakikiri kwamba maandishi na mafundisho hayo yameleta madhara. Tazameni jambo hili! Aliyewafundisha watu habari za kivuli, naye alikitupa kivuli chake juu ya wengine. Ikiwa mwalimu amejikwaa hivyo, sisi tujihadhari zaidi.

Basi tufanye nini tukiamka na ndoto mbaya?

Kwanza, tuombe, tukijiuliza mbele za Mungu: ni hofu gani au kinyongo gani kilichomo ndani yangu? Pili, tusimtaje mtu kwa sababu ya ndoto. Ndoto si shahidi. Kama tuna neno na jirani, tumwendee yeye mwenyewe kama tulivyoagizwa katika Mathayo 18:15. Tatu, ndoto za kutisha zikirudi kila usiku, au mtu akikosa usingizi na kuanza kusikia sauti, tumpeleke hospitali, huku tukizidi kumwombea. Hospitali ya Mirembe iko hapa hapa Dodoma. Tumezoea kulitaja jina lake kwa dhihaka, na kwa dhihaka hiyo tunawafungia wagonjwa ndani ya nyumba. Mgonjwa wa akili ni ndugu yetu kama mgonjwa wa malaria.

Na kama kuna jirani tuliyeacha kumsalimu kwa ajili ya ndoto, tusingoje Jumapili. Twende leo tukabishe hodi.

Maswali ya kujadili nyumbani
1. Mke wa Pilato aliitumiaje ndoto yake? Sisi huzitumiaje zetu?
2. Kwa nini ni rahisi kuuona wivu wa jirani kuliko wa kwetu?
3. Usharika wetu unawasaidiaje wagonjwa wa akili na jamaa zao?