Kuvu katika Maungio ya Bafu: Chanzo Chake na Kinga

Mji wa Sumbawanga umejengwa juu ya uwanda wa juu wa Ufipa, kiasi cha meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo baridi yake ni kali kuliko ile ya miji ya pwani, na mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili. Anayeoga asubuhi huchemsha maji, kisha hufunga mlango na dirisha ili baridi isiingie. Baada ya majuma machache, mstari mweupe wa silikoni uzibao pengo baina ya ukuta na sakafu huanza kuota madoa meusi. Madoa hayo ni kuvu.

Kuvu ni nini?

Kuvu ni kiumbe hai. Huzaana kwa mbegu ndogo mno ziitwazo spora, ambazo huelea hewani kila mahali, wala hatuwezi kuzimaliza. Spora ikitua penye chakula na unyevu kwa siku kadhaa, huota na kutoa nyuzi nyembamba. Silikoni yenyewe si chakula kizuri cha kuvu. Chakula chake ni utando wa sabuni na mafuta ya mwili unaobaki juu yake. Silikoni ya bafuni aghalabu huchanganywa na dawa ya kuzuia kuvu, lakini maji huiosha dawa hiyo kidogo kidogo hata ikaisha. Hivyo kinga ya kudumu ni kuondoa unyevu.

Unyevu hutoka wapi?

Hewa ya joto huweza kubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 za Sentigredi huweza kubeba kiasi cha gramu 23 za mvuke. Yenye nyuzi 15, kiasi cha gramu 13 tu. Hewa ya bafuni iliyojaa mvuke ikigusa ukuta wa baridi, ziada hugeuka matone. Msomaji aweza kulithibitisha jambo hili kwa kuweka bafuni bilauri ya maji baridi mara baada ya kuoga: upande wake wa nje utalowa, ingawa bilauri haivuji.

Wako wadhanio kuwa wakati wa mvua si vema kufungua dirisha, kwa kuwa hewa ya nje nayo ina unyevu. Hesabu hiyo yaonyesha kosa lao. Hewa ya nje ya nyuzi 15, hata ikiwa imejaa mvuke kabisa, ina mvuke mchache kuliko ile ya bafuni. Ikiingia na kupata joto, hupata nafasi ya kuchukua zaidi.

Kinga na tiba

1. Baada ya kuoga, fungua dirisha mpaka kuta zikauke.
2. Pangusa maungio kwa kitambaa kikavu, na kila juma usugue utando wa sabuni.
3. Ziba mabomba yanayovuja, na uhakikishe maji hayatuami sakafuni.
4. Madoa machache yapakwe dawa ya klorini, sehemu 1 kwa sehemu 10 za maji, kwa dakika 10, kisha yaoshwe.
5. Kuvu iliyopenya ndani ya silikoni haitoki. Kata silikoni yote, safisha pengo na ulikaushe, ndipo utie mpya na kuiacha saa 24 bila kuloa.

Tahadhari

Usichanganye kamwe dawa ya klorini na asidi ya kusafishia choo, wala na amonia: mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu. Vilevile usiingize jiko la mkaa bafuni ili kupasha joto au kukausha kuta. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua mtu katika chumba kilichofungwa. Kuvu huwasumbua wagonjwa wa pumu na yafaa kuondolewa, lakini isiondolewe kwa njia iliyo ya hatari kuliko kuvu yenyewe.