Shoo ya Kiberege: Nani Bosi wa Msanii wa Kujitegemea?

Nikionekana chuoni Jumapili jioni na gitaa mgongoni, swali ni lile lile: "Mwanangu, huko shamba mnapata nini hasa?" Wengine wanauliza kwa huruma, wengine kwa kejeli, na wachache wanauliza kwa sababu nao wana nyimbo kwenye simu na hawajui wazipeleke wapi. Makala hii ni ya hao wachache. Sifundishi namna ya kuwa staa, maana mwenyewe si staa. Nataka kueleza jinsi hela inavyotembea kutoka kwa mkulima wa mpunga hadi kwa mpiga gitaa, na wimbo unapatwa na nini njiani.

Kwanza neno lenyewe, "kujitegemea". Tunalitumia kana kwamba limeletwa na intaneti. Wazee wetu wa dansi walikuwa na hali nyingine kabisa. Bendi nyingi kubwa za Tanzania zilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa taasisi: NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa chama, Bima Lee ya shirika la bima, na mwaka 1978 ikaja DDC Mlimani Park. Polisi na jeshi nao walikuwa na bendi zao. Mwanamuziki alipokea mshahara kama karani. Gitaa lilikuwa la ofisi, spika za ofisi, hata sare. Ukihama bendi, unaondoka na vidole vyako tu. Mashirika yalipoanza kuyumba miaka ya 80 na 90, kilichopotea si mshahara peke yake, ni umiliki wa vyombo pia, kwa sababu wengi walikuwa hawajawahi kuwa navyo.

Kwa hiyo mimi nikisema ninajitegemea, namaanisha kitu kidogo sana: gitaa ni langu, besi ni ya mwenzangu, mixa na spika mbili tumechanga wanne. Jenereta bado tunakodi.

Sasa twende Kiberege. Kwa asiyejua, ukitoka Ifakara kwenda Kidatu unapita Kibaoni, unapita Signali, unafika Kiberege kabla ya Mang'ula. Milima ya Udzungwa iko upande mmoja, bonde na mashamba upande wa pili. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba promota mkubwa wa bonde hili ni kalenda ya kilimo. Januari mpaka Machi usijisumbue, watu wako shambani na mifuko mitupu. Masika ndiyo kabisa, maji yakipanda bondeni hakuna wa kukumbuka muziki. Mpunga unaanza kuvunwa, viwanda vya sukari vya Kidatu vinafunguliwa baada ya mvua, wakulima wa miwa wanaanza kulipwa, na ghafla kila wiki kuna kipaimara, sendofu, harusi na mtu aliyeezeka bati jipya. Msimu wetu ni Juni hadi Septemba. Anayepanga shoo ya Kilombero kwa kufuata ratiba ya mitihani yake atapiga mbele ya viti.

Hesabu ya shoo yetu ya kwanza Kiberege ninayo kwenye daftari, naiweka hapa kama ilivyo. Kirikuu cha kubeba vyombo kwenda na kurudi, 50,000. Kukodi jenereta, 30,000. Petroli, 20,000. Vibali na mlinzi, 20,000. Chakula, 20,000. Jumla 140,000 kabla hatujagusa waya. Mapato: mwenye baa alitupa 50,000. Tukazungushia turubai, tukaweka kiingilio cha 1,000, wakaingia watu 63. Hela ya kutunza ilikuwa 118,000. Jumla 231,000. Ukitoa gharama inabaki 91,000, tukagawa mafungu matano: wanne sisi, la tano la vyombo. Kila mmoja akaondoka na 18,200.

Angalia pale vizuri. Kiingilio, ambacho ndicho sote tunakiwaza tukisikia neno "shoo", kilileta nusu tu ya kile kilicholetwa na kutunza. Na nje ya turubai walikuwepo watu wengi kuliko ndani, wanacheza vizuri tu, bure. Mama mmoja muuza maandazi aliniambia asubuhi yake, bila kuficha, "Mwanangu, ngoma huku hailipiwi mlangoni. Inalipiwa ikishakolea." Nilidhani ananitania. Lakini fikiria: sangula, ngoma inayojulikana bonde hili na ng'ambo ya mto kule Ulanga, inachezwa uwanjani. Nani aliwahi kuweka geti kwenye sangula? Anayefurahi anaingia kati na kumtunza mpiga ngoma au mchezaji. Sisi tulikuwa tunawauzia watu tiketi ya kitu ambacho kwao bei yake hupangwa baadaye.

Shoo ya pili, wiki tatu baadaye, tukaondoa turubai. Tunzo zikafika 192,000, pamoja na 50,000 ya baa. Bila geti tukapata 242,000. Najua, wenzangu wa takwimu, shoo mbili si utafiti. Lakini turubai hatujalirudisha.

Hapa ndipo inapoonekana tofauti ya kupiga live na plebaki. Msanii wa plebaki anakuja na flashi, anaimba juu ya wimbo wake mwenyewe dakika kumi na tano, anachukua 80,000 peke yake, hana kirikuu wala jenereta. Kibiashara yuko mbele yetu, tusidanganyane. Ila watu hawaitunzi flashi. Kutunza kunataka wimbo unaoweza kusimama na kusubiri. Mtu anainuka mezani, anakuja akicheza taratibu, noti iko juu, marafiki wanamfuata. Hapo sebene linatakiwa lizunguke, besi ipande, jina lake liingie, kijiji chake kiingie, na ikibidi jina la mama yake. Akirudi kukaa, meza ya jirani inajiona imeshindwa. Wimbo wa dakika nne unakwenda dakika kumi na mbili. Studio haifundishi hilo. Mpiga drams wetu, aliyejifunza kwa video, ilimchukua msimu mzima kuzoea kuangalia watu badala ya kuhesabu.

Lakini kutunza kuna meno. Wazee walikuwa na bosi mmoja mwenye mshahara na masharti yake. Mimi nina mabosi mia, kila mmoja ameshika noti yake, na kila mmoja anataka kuusogeza wimbo upande wake.

Nina wimbo kuhusu lumbesa. Msomaji wa mjini: lumbesa ni gunia linalojazwa kupita kipimo, likashonewa kilemba juu, halafu mkulima analipwa kama gunia moja. Sheria ya vipimo inakataza, magunia yanaendelea kupita. Wimbo una beti tatu, na ubeti wa tatu ni mkulima anahesabu magunia yaliyobaki dhidi ya ada ya mtoto. Niliuandika kwa sababu ada hiyo ilikuwa yangu.

Katika shoo ile ya pili, katikati ya ubeti wa tatu, akainuka mnunuzi wa mpunga. Kila mtu pale anamjua na magunia yake. Ana 20,000 mkononi, anataka jina lake litajwe, humo humo. Hakuwa na ubaya. Alikuwa amefurahia mdundo. Nikamshukuru kwenye maiki kwa heshima yote, nikasema, "Kaka, jina lako nalipokea kwenye wimbo unaofuata." Akatazama noti, akatazama watu, akairudisha mfukoni na kwenda kukaa. Wimbo ukaisha. Unaofuata hakuinuka.

Usiku tulilala hapo hapo Kiberege, kwenye mikeka. Hatusafiri usiku, na si uoga: Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965, Mbaraka Mwinshehe, aliyetoka Morogoro Jazz akaanzisha Super Volcano, alikufa kwa ajali mwaka 1979 kule Mombasa. Mkoa wetu umeshalipa barabara vya kutosha. Basi tumelala, mpiga besi akasema gizani, "Elfu ishirini gawa kwa tano. Elfu nne yangu umeitolea ushairi." Nikamwambia ule wimbo ungekufa pale pale. Akasema wimbo haukopwi nauli. Tulibishana mpaka jogoo wa kwanza, na sioni kama alikuwa amekosea. Kama hela ni ya wote, kukataa kwake lazima kuwe kwa wote. Mimi nilikataa peke yangu kwa sababu maiki ilikuwa mkononi mwangu.

Tulichokubaliana asubuhi ndicho tunachotumia hadi leo. Majina yanaingia kwenye sebene tu, kamwe si kwenye ubeti. Nyimbo tatu hazitunzwi kabisa, na ninatangaza mapema ili mtu asiaibike mbele ya watu. Na wimbo wa lumbesa tumeuwekea sebene refu mwishoni, ambalo mwanzo haukuwa nalo. Mpiga besi ndiye aliyelitunga. Kwa kweli limeufanya wimbo kuwa mzuri zaidi, na hilo nimemwambia mara moja tu, asizoee.

Suala la simu nalipitia haraka. Kila shoo inarekodiwa na watu kumi, kesho yake iko WhatsApp na kwenye bodaboda za stendi ya Ifakara, jenereta linanguruma ndani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mpigaji wa jukwaani, si mtunzi peke yake, kwa hiyo sajili kazi zako COSOTA na ujisajili BASATA mapema, hasa kama unataka kupiga kwenye shughuli za halmashauri. Lakini kumkimbiza dereva wa bodaboda siwezi. Mialiko miwili ya harusi Mang'ula ilitokana na rekodi kama hizo.

Julai tunarudi Kiberege. Safari hii kikundi cha akina mama wa sangula kitafungua, nao wametoa sharti: kinachotunzwa wakati wa ngoma yao ni chao, kinachotunzwa wakati wetu ni chetu, na tukipiga pamoja tunagawa nusu kwa nusu. Mpiga besi ameomba tupige pamoja muda mrefu.