Wavuvi wa Lamu na Bandari Mpya

Mvuvi wa Lamu hufuata upepo. Wakati wa kaskazi huweza kutoka nje ya miamba; lakini kusi ivumapo, kuanzia Aprili, mawimbi huwa makali, na mwenye dau dogo hana budi kutega malema yake ndani, katika mikondo iliyokingwa na visiwa na mikoko.

Maji hayo matulivu ndiyo yafaayo meli pia. Ujenzi wa bandari mpya ulizinduliwa Machi, 2012, na gati ya kwanza ikafunguliwa Mei, 2021. Ili meli kubwa zipite, mkondo ulichimbwa. Matope yakatibuka, na baadhi ya mahali pa kuvulia pakawa njia ya meli. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 1,700, rufani ikakatwa.

Wengine husema mvuvi apewe mashua kubwa ya injini, aende bahari kuu. Shauri hilo si baya. Lakini mashua hiyo hutaka mafuta, barafu na ujuzi mwingine, na mzee aliyelijua kila fungu la ghuba tangu utotoni, huko nje hana hata alama moja ya kumwongoza.